Siku Moja Maishani Mwangu: Tiketi ya Nansio

Saa 2 asubuhi. Kirumba, hapa Mwanza, imeshachangamka, harufu ya dagaa imefika hadi ofisini. Nachomoa kipanya na kukitia kwenye droo. Wiki hii narekebisha tovuti ya kukatia tiketi za boti za Nansio, kisiwani Ukerewe, na kazi hii huianza kwa kibodi peke yake, maana asiyeona hana mshale wa kulengea. Nabonyeza Tab, naingia kwenye kalenda ya tarehe, kutoka siwezi. Mbele hakupitiki, nyuma hakurudiki.

Saa 4. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo tunasafiri?"

Presha ya macho ndiyo iliyomtoa darasani. Sasa ananipimia kazi, na analipwa kama fundi mwingine yeyote. Anatumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona. Anasikiliza, anakunja uso.

"Kiswahili cha wapi hiki?"

Nasogeza sikio. "Chagua tarehe ya safari" inasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, huambulii hata neno. Kosa ni herufi mbili mwanzoni mwa ukurasa: fundi aliyepita aliandika "en", yaani Kiingereza, na programu ikamwamini. Naweka "sw", naupakia ukurasa upya, sauti inakuwa ya kwetu. Kosa hili nakutana nalo mara nyingi mno, na linaniuma kuliko mengine. Maneno yote yapo, yameandikwa vizuri, na bado mwenyewe hayapati.

Tunaendelea. "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Havina majina. Kwenye viti, kijani ni wazi na nyekundu kimeuzwa; rangi tupu, bila neno.

"Sasa mimi nikae wapi?" anauliza Mwalimu.

Saa 7. Ugali na sato, haraka.

Saa 8. Navipa vitufe majina, naandika "kiti namba 14, kiko wazi", ile kalenda naipa njia ya kutokea. Maandishi ya kijivu nayakoza kwa ajili ya wenye uoni hafifu: WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake.

Saa 10 jioni. Mwalimu anajaribu tena. Simwelekezi. Miaka yote hii amekuwa akimkabidhi kijana wa gatini fedha yake na jina lake, kisha anangoja. Leo vidole vyake vinakwenda polepole hadi mwisho: "Tiketi yako ya Nansio iko tayari."

Ananyamaza kidogo.

"Na ya kurudi nakatia wapi?"

Ukurasa huo bado sijaugusa. Navuta kiti.