Kundi la AB

Jumapili usiku. Mama amelala kitandani kwangu, mimi nimejikunja jikoni na blanketi mabegani. Juni ya Mbeya haimhurumii mtu. Chai niliyomimina sasa hivi imepoa kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Kuna jambo nimelibeba tangu 2019, na kila nikikaa kuliandika najikuta naandika habari za kazini. Leo mama kaniuliza swali nikakosa jibu, na usiku huu silali nalo.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka juzi binamu yangu wa Maskati alikuja Rujewa kusalimia ndugu, akaniachia flashi yenye vipindi vyote 79 vya Star Trek ile ya kwanza kabisa, iliyorushwa na televisheni ya Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi 1969. Nikawa naitazama nikitoka zamu ya usiku, usingizi ukigoma. Ni picha za zamani, mawe yake unaona wazi kuwa ni ya kupakwa rangi. Lakini ndani ya kile chombo cha anga kuna mtu mmoja ambaye mpaka leo sijamwacha, wala yeye hajaniacha.

Anaitwa Spock. Ni afisa wa sayansi na msaidizi wa nahodha. Baba yake, Sarek, ni balozi wa sayari ya Vulcan, ambako watu hulelewa wafuate akili na mioyo waifungie ndani. Mama yake, Amanda, ni binadamu, mwalimu, mtu wa dunia hii yetu. Masikio ya Spock yamechongoka, na damu yake ni ya kijani kwa kuwa imebeba shaba pale yetu ilipobeba chuma. Mimi kazi yangu ni maabara, kwa hiyo hapo kwenye damu ndipo nilipoacha kusinzia. Na hatua chache kutoka alipo, kwenye mitambo ya mawasiliano, amekaa Luteni Uhura, ambaye jina lake limechukuliwa kwenye neno letu uhuru. Ilikuwa haijatimia miaka mitano tangu Tanganyika ipandishe bendera yake, na tayari neno letu lilikuwa linatembea kwenye nyota. Niliposikia hivyo nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Baba yangu ni Mbulushi wa Rujewa. Wazee wake walitoka Baluchistani wakaja kuwa askari wa Sultani wa Zanzibar, baadaye wakafuata misafara ya biashara bara mpaka Usangu, bonde ilipo Rujewa. Walikuta mto na nyasi na watu, wakaoa, wakabaki. Mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu, amezaliwa katika nyumba ya Wamoraviani, waumini wa Kanisa la Moravian. Kwenda kwao kutoka Rujewa unaacha joto na majaruba ya mpunga, unapita Chimala, Igurusi, Inyala, ukifika Uyole unakata kushoto, na baada ya hapo ni kupanda tu mpaka migomba, mashamba ya chai na mvua isiyouliza ni mwezi gani. Likizo zangu zote za utoto ziligawanywa na ile kona ya Uyole.

Rujewa nilikuwa "mtoto wa Mnyakyusa". Tukuyu nilikuwa "Mwarabu", ingawa Mbulushi si Mwarabu, na niliposema hivyo nilizidi kuchekwa. Nikiwa na miaka tisa, asubuhi moja nilitoka nje nikamkuta bibi anafagia, nikamsalimia kwa sauti, "Ugonile!" Nilikuwa nimejifunza neno hilo njia nzima ndani ya basi. Bibi akaitikia vizuri tu. Lakini watoto wa mjomba walianguka chini kwa kicheko, kwa sababu mtu mzima anaamkiwa "Mugonile", kwa wingi, ndiyo heshima yenyewe. Nilikuwa nimemsalimia bibi yangu kama mtoto mwenzangu. Tangu siku ile nilimwamkia "Shikamoo bibi" mpaka Mungu alipomchukua. Sikujaribu tena hata mara moja, na hilo linaniuma kuliko vile vicheko.

Kuna kipindi ambapo ugonjwa unaingia chomboni na kufungua kila ambacho mtu amekificha. Spock anajifungia chumbani, anajishika uso, analia kwamba hakuweza kumwambia mama yake kuwa anampenda. Nimekitazama mara tatu. Kingine ni kile ambacho Uhura anafutiwa kumbukumbu zote na kufundishwa upya kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiingereza kikimshinda, kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Nikajiuliza, mimi nikifutwa vile kitarudi kipi? Kitarudi Kiswahili tu. Kibulushi cha baba na Kinyakyusa cha mama vyote nilivipokea kwa vidole, sikuvishika kiganjani.

Sasa damu.

Mwaka wa kwanza chuoni tulipimana makundi sisi kwa sisi. Unachukua kigae cheupe, unadondosha matone mawili ya damu, moja mbali na lingine. Tone la kwanza unalitilia dawa ya buluu, hiyo inatafuta A, alama inayobebwa na chembe nyekundu. La pili unalitilia ya njano, inatafuta alama ya B. Unakoroga kwa kijiti, kisha unakiinamisha kigae taratibu huku na huku. Kinachotafutwa kama hakipo, damu inabaki laini na nyekundu moja. Kama kipo, inakatika mbele ya macho yako: vipande vidogo vyekundu vinajikusanya na kujitenga na maji, kama maziwa yaliyoharibika jikoni. Mwenzangu alikiinua kigae changu kwenye mwanga. Buluu imekatika, na njano imekatika. Mwalimu wetu akapita, akatazama, akasema jambo ambalo pengine yeye alishalisahau jioni ile ile: kwa mwenye AB, A ya baba na B ya mama zote zinaonekana, hakuna inayoifunika nyingine. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na maisha yangu yote nilikuwa nimeitwa nusu. Nilikiosha kile kigae mwisho kabisa, wenzangu wakiwa wameshatoka.

Ila AB ina upande wake mwingine, na huo niliujua vizuri 2019.

Baba alipata ajali ya pikipiki barabara kuu, usiku. Alipoteza damu nyingi. Ndugu wakaambiwa wajitokeze wachangie, na mimi nilikuwa wa kwanza kufika, nikasimama pale nikijua tayari nitakachosema. Baba ni kundi A. Mwili wa mwenye A una askari wanaoishambulia B, na chembe zangu zote zimebeba B ya mama. Kumwekea baba damu yangu kungeweza kumuua. Ndivyo ilivyo kwa mwenye AB: chembe nyekundu anaweza kupokea za kundi lolote, lakini za kwake zinamfaa mwenye AB mwenzake tu. Mzazi wa A hawezi kumpa, na mzazi wa B hawezi kumpa. Ninaweza kupokea kwa wote wawili walionizaa, na siwezi kumpa hata mmoja wao.

Nilisema, "Mimi siwezi." Shangazi yangu, dada wa baba, alinitazama kana kwamba nimetukana.

"Damu ya baba yako mwenyewe unamnyima?"

Nikaanza kueleza. Nani anaelewa makundi ya damu saa nane za usiku, kaka yake yuko ndani na nguo zake zimekabidhiwa kwenye mfuko wa plastiki? Shangazi akageuka upande, akasema polepole, "Ndiyo haya ya kuchanganya."

Aliyetoa ni kaka yangu. Yeye ni O, hakurithi A ya baba wala B ya mama. Asiyebeba alama ya yeyote ndiye aliyemfaa baba, na mimi niliyebeba zote nilikaa kwenye benchi. Baba alipona, Mungu ni mwema. Anatembea, anagombana na vibarua wa mpunga kama zamani. Najua pia kwamba plazma ya AB, yale maji ya njano yanayobaki ukishatoa chembe, inaweza kupewa kundi lolote, na hilo nimewafundisha wanafunzi wa mazoezi mara nyingi. Usiku ule baba alihitaji chembe.

Basi fikiria nilivyokaa mbele ya kompyuta yangu siku nilipofika kwenye kipindi ambacho Sarek mwenyewe anapanda chomboni. Yeye na Spock wana miaka kumi na minane hawajazungumza kama baba na mwana, kwa sababu kijana alikikataa Chuo cha Sayansi cha Vulcan akachagua kusafiri na chombo. Moyo wa Sarek unashindwa, anahitaji upasuaji, na damu yake ni ya aina adimu. Aliye nayo mle chomboni ni mwanawe peke yake. Ila ndani ya damu ya Spock kuna vitu vya kibinadamu, na lazima vichujwe vitolewe kabla ya kumwekea mzee.

Nilisimamisha picha. Walimchuja mama yake.

Sijui kama waandishi wa hadithi ile walikusudia niumie pale. Kila mtu kwenye kile chumba anaona ni jambo la kitaalamu tu. Baba apone, tutoe kinachozuia. Na kinachozuia ni Amanda, ambaye anachotaka ni mumewe asife. Ningekuwa mimi, wangeniuliza kama nakubali nichujwe, usiku ule wa 2019 ningekubali bila kufikiri. Hilo ndilo jambo nililolibeba miaka yote hii. Shangazi alisema neno moja tu. Mimi moyoni nilitamani mama asiwemo ndani yangu, japo kwa saa moja.

Mwaka 1968 msichana mmoja wa Marekani, mama yake mweusi na baba yake mzungu, aliandika barua kwa Spock kupitia gazeti la vijana, akieleza anavyotengwa pande zote. Leonard Nimoy, mwigizaji wake, alimjibu kwa kirefu. Alimweleza kwamba Spock aligundua si wote watampenda, akaamua kujikuza kwa akili na ubora mpaka aweze kukabili tatizo lolote. Ninaiheshimu sana barua ile. Mtu mzima alikaa chini akamjibu mtoto kwa uzito. Lakini ushauri wake siukubali wote. Kwa nini mtoto wa pande mbili lazima awe bora kuliko wengine ndipo apate pa kukaa? Binamu zangu wa Tukuyu na wa Rujewa walikuwa wa kawaida tu, na hakuna aliyewauliza wametoka wapi.

Mama alikuja jana, kesho ana kliniki ya macho. Leo baada ya chakula nilimwekea kipindi kile cha Sarek, nikawa namtafsiria. Alitazama kimya, miguu ndani ya blanketi. Pale Spock anapokataa kuacha zamu yake kwenda kumtolea baba damu, na Amanda anampiga kofi, mama alitikisa kichwa akasema, "Na angemwongeza." Kisha nikairudia sehemu ya kuchuja. Nikatafsiri.

Akakaa kidogo. "Na ile waliyoichuja," akauliza, "waliimwaga wapi?"

Hadithi haisemi. Nilimwambia hivyo, na hapo hapo nikaanza kulia, na yote ya 2019 yakatoka, maneno ya shangazi na yale ya moyoni mwangu ambayo ni mabaya zaidi. Mama hakushtuka. Alisema shangazi alimpigia simu usiku ule ule, akamweleza alichosema, akalia kwenye simu mpaka salio likaisha. "Alikuwa anamwogopea kaka yake," mama akasema. "Na wewe ulikuwa unamwogopea baba yako."

Halafu akauliza, "Yangu ni ipi?"

"B, mama."

"Niandikie."

Nikachana kipande cha daftari nikaandika B. Akasema andika na ya baba yako, nikaandika. Na yako. Na ya kaka yako. Akakitazama kwa karibu, macho yenyewe ndiyo hayo, akakikunja mara nne akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake, pale anapofunga nauli. Kitenge kiko hapa mbele yangu, kwenye mgongo wa kiti, fundo linaning'inia.