Maya si programu

Siku hizi nasikia sana watu wakisema dunia yetu huenda ni maigizo ya kompyuta, na kwamba Wahindu waliyajua haya yote kabla ya kompyuta: dunia ni maya, yaani mwonekano unaodanganya, na maya ndiyo programu, kwisha. Kauli hiyo nimelala nayo na kuamka nayo, na bado hainikai.

Mwanafalsafa Nick Bostrom, katika hoja yake ya mwaka 2003, hakusema kwamba tumo ndani ya kompyuta. Alisema moja kati ya mambo matatu karibu lazima liwe kweli: ama jamii kama zetu huangamia kabla ya kuweza kuunda ulimwengu wa kuigiza ndani ya kompyuta, ama huweza lakini hazijishughulishi nao, ama sisi wenyewe tumo ndani yake. Tukiwa ndani, basi kule nje ipo dunia nyingine yenye mashine halisi na waliozitengeneza.

Shankara, mwanafalsafa wa Kihindu aliyefundisha India yapata karne ya 8, hana kule nje. Mtu gizani huona kamba akadhani ni nyoka. Taa ikiletwa, nyoka haendi popote, maana hakuwahi kuwapo. Kamba ilikuwa pale pale. Brahman, yaani uhalisia mmoja wa mwisho, hakai pembeni akiendesha dunia. Ndiye hiki hiki tunachokiona visivyo. Na yule anayeona, anayebaki tukiwa macho, tukiota, tukizama usingizini? Mandukya Upanishadi, andiko la kale la Kihindu, inasema nafsi hii ni Brahman. Kwa Bostrom, fahamu yangu yaweza kuwa zao la hesabu za mashine. Kwa Shankara, fahamu ndiyo pekee isiyotengenezwa. Hizo si njia moja hata kidogo.

Ila kinachoninyima usingizi hasa ni pingamizi la Ramanuja, Mtamil wa kusini mwa India aliyefasiri maandiko yale yale karne kadhaa baadaye. Ujinga huu, wa kuona kamba tukadhani ni nyoka, ni wa nani? Ukiwa wa Brahman, basi aliye ujuzi wenyewe amepotoka. Ukiwa wa mtu mmoja mmoja, mtu huyo naye ni zao la ujinga, sasa ulimpataje kabla hajakuwapo? Wafuasi wa Shankara hujibu kwamba ujinga hauna mwanzo. Mimi naliona jibu hilo linakwepa swali. Kwa Ramanuja dunia ni kweli, ni mwili wa Mungu, na njaa ya mtu ni njaa kweli.

Mwanafalsafa David Chalmers, katika kitabu chake cha mwaka 2022, anatetea kwamba hata tukiwa ndani ya kompyuta, meza ni meza halisi. Hajengi hoja yake juu ya Mungu kama Ramanuja, lakini katika hilo yuko karibu naye kuliko alivyo karibu na Shankara, na wanaopenda kuichanganya maya na programu hawalisemi kabisa.