Joto la Lytton 2021: feni peke yake haitoshi

Tarehe 29 Juni 2021 kipimajoto cha Lytton, kijiji cha British Columbia nchini Kanada, kilifika nyuzi 49.6. Kesho yake moto ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji.

Hewa yenye mgandamizo mkubwa ilikwama juu ya eneo lile siku kadhaa, kama kifuniko cha sufuria. Hewa ya namna hiyo hushuka, ikishuka hubanwa, ikibanwa hupata joto: karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita. Mawingu hakuna, jua la Juni linakaa angani saa 16, na udongo uliokauka hauna maji ya kuvukiza. Na dunia yenyewe tayari imepata joto.

Watu 619 walikufa katika jimbo hilo, wengi wao wazee, wengi wakiishi peke yao, ndani ya nyumba zisizo na kiyoyozi. Inauma sana. Nyumba nyingi za kule zimejengwa kutunza joto, na usiku hazikupoa.

Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, feni inakupulizia joto tu. Lowesha fulana, ikamue kidogo, ivae, ndipo uelekeze feni. Funga mapazia kabla jua halijafika dirishani. Fungua madirisha ya pande mbili pale tu nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani. Mtu akianza kuchanganya maneno, piga simu ya dharura, mmwagie maji mwili mzima huku ukimpepea. Usimnyweshe kwa nguvu, atapaliwa.

Mzee wa jirani mgongee mlango jioni pia: ndani huchelewa kupoa.