Lugalo asubuhi, Kalenga mchana, yote kwa daladala

Watu wakisikia Iringa wanawaza Ruaha na tembo basi. Mimi nilikua na siku moja ya kupumzika kabla ya kurudi Dar nikasema hii naitumia kwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Taksi ya kutwa bei ilinishinda, nikaamua daladala na boda, na inawezekana kabisa ila anza mapema na anza na Lugalo, kisha Kalenga, ndo mambo yalivyotokea hivyo.

Nilipanda gari la Ilula, nikamwambia konda mapema "kaka naomba unishushe Lugalo kwenye mnara", maana ile ni barabara kuu ya kwenda Morogoro, gari zinapita kasi, ukizubaa unashtukia uko Ilula kwenye matenga ya nyanya. Sisi wa Dar Lugalo tunaijua ya jeshini na hospitali, kumbe jina limetoka huku! Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo, alikua anapita hapa na msafara wake, askari, wapagazi, punda, mizinga, wamejipanga mstari mrefu kwenye njia nyembamba, na Wahehe wako vichakani pembeni na mikuki wanawasubiri. Ikaisha haraka mno, Nyundo mwenyewe akafia hapohapo. Ukisimama pale ukaangalia vichaka na mawe unaelewa kwanini mizinga haikusaidia kitu, mtu akishakufikia na mkuki mzinga utaufunga saa ngapi?

Kilichoniudhi ni kwamba ule mnara Wajerumani waliwajengea watu wao. Yaani tuliwapiga sisi halafu jiwe la kumbukumbu ni la kwao. Uache ubaki, ni historia, ila walioshinda nao wangestahili kikubwa zaidi ya hapo.

Kurudi mjini ni kusimama barabarani na kupunga mkono, nilisubiri mpaka jua likanikolea, beba maji na kofia. Mjini nikala ugali fasta nikaunganisha Kalenga, kama kilomita 15 hivi barabara ya Ruaha. Hapa ndo palikua makao ya Mkwawa, ngome ya ukuta wa mawe na udongo, Oktoba 1894 von Schele, gavana wa Wajerumani, akaja na mizinga akaibomoa. Usitegemee kukuta ngome imesimama, utakuta kijiji cha kawaida, mahindi, kuku, watoto wanakusalimia, na Ruaha Mdogo unapita jirani.

Makumbusho yenyewe ni kijumba kidogo. Nikamwamkia mzee wa pale, "Shikamoo mzee", "Marahaba mwanangu, karibu, vua kofia kwanza". Nikavua. Ndani kuna mikuki, marungu, na kwenye boksi la kioo kuna fuvu. Nilidhani nitaangalia sekunde mbili niendelee, nikajikuta nimeganda. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili wasimkamate akiwa hai, wakamkata kichwa kikapelekwa Ujerumani, na hilo fuvu likaingizwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Likarudi 1954! Gavana Twining, Mwingereza aliyekua anatawala Tanganyika, ndo alienda kulitafuta Bremen kwenye makumbusho kati ya mafuvu kibao. Mzee anasimulia haya taratibu bila karatasi, ukimuuliza swali anarudi nyuma kabisa kwa Munyigumba baba yake Mkwawa, kwahiyo usiende na haraka, na ukimaliza mpe chochote nje ya kiingilio.

Mlambalasi alipozikwa mwili sikufika, pako mbele zaidi njia hiyohiyo ya Ruaha na jua lilishaanza kushuka. Anayetaka vyote kwa siku moja akodi boda toka Kalenga, wapatane bei ya kwenda na kurudi kabisa kabla hajapanda.