Nilivyotafuta kelele kwenye amplifaya ya hedifoni

Kanda ni ya mwaka 1987. Bibi yangu anasoma utenzi nyumbani kwake Tanga, na aliyemrekodi ni baba mdogo, kwa redio kaseti iliyowekwa mkekani karibu naye. Nilipoanza kuihamishia kwenye kompyuta, sauti yake ilikuwa chini mno, maneno mengine siyapati kabisa. Ndipo nikajiundia amplifaya ndogo ya hedifoni, ile inayoitwa CMoy, kwa jina la Chu Moy aliyetoa mchoro wake: chipu moja ya kukuza sauti, OPA2134, volti 9, rezista na kapasita chache. Vifaa nilivipata Kariakoo, isipokuwa chipu, ambayo niliagiza.

Nilipoiwasha nikapokewa na kelele tupu. Chini kuna mvumo mzito, juu yake shshsh kama manyunyu kwenye bati, na mara kwa mara trrr-trrr-trrr inapita katikati. Nikaamini kanda imeoza, nikasikitika sana. Jioni nikaizima deki inayocheza kanda, na kelele ikabaki palepale. Kumbe kanda nilikuwa naisingizia.

Kosa langu lilikuwa kushika pasi ya kulehemu kabla ya kusikiliza. Nilibadilisha kapasita mbili kubwa, nikabadilisha na chipu, pesa ikaenda, kelele ile ile. Jirani yetu mmoja, fundi redio wa siku nyingi, alikuja akaiweka hedifoni masikioni kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, usifungue tena. Chomoa kimoja kimoja, uniambie kipi kimenyamaza."

Nikaanza na umeme. Ili kuokoa betri nilikuwa natumia adapta ya ukutani, zile nyepesi za bei ndogo. Nikaichomoa, nikaweka betri: mvumo ukapungua zaidi ya nusu. Adapta za aina hii hukatakata umeme kwa kasi kubwa, na nyingi zina kapasita ndogo inayounganisha upande wa ukutani na upande wa kutokea. Umeme kidogo huvujia hapo. Kwa kuwa plagi haina ethi, umeme huo hutafuta njia nyingine, na kwangu ulipita kwenye waya wa sauti unaokwenda kwenye kompyuta. Chaja ya kompyuta nayo ilikuwa na mchezo uleule. Nilipoichomoa, mlio mwembamba uliokuwa umebaki ukakatika papo hapo. Aliyewahi kupitisha mgongo wa mkono juu ya kompyuta ya chuma inayochajiwa, akahisi kama inatetema, ameugusa uvujaji huo kwa ngozi yake.

Na hapa nionye: usiipe CMoy umeme kutoka USB ya kompyuta ileile inayoleta sauti. Ardhi ya sauti ya amplifaya hii, yaani ile sifuri ambayo sauti hupimwa kuanzia hapo, haiko kwenye hasi ya betri; iko katikati, imegawanywa kwa rezista mbili. Hasi ya USB na ardhi ya jeki ya kompyuta ni kitu kimoja, kwa hiyo ukiunganisha vyote viwili umepiga shoti nusu ya umeme wako.

Mvumo hafifu ulibaki, na ukawa unapanda kila nikigusa kishikio cha volyumu. Kidole kikitoka, unashuka. Mwili wa mtu aliyekaa kwenye chumba chenye nyaya za umeme hubeba mvumo huo, na kile chuma cha volyumu kilikuwa kinaelea, hakijaungwa popote. Nilikikwangua kwa msasa mpaka kikang'aa, maana bila hivyo risasi haishiki, nikalehemu waya mfupi hadi kwenye ardhi ya sauti. Bodi nikaihamisha kutoka kopo la plastiki hadi kopo la bati, nalo nikaliunga na ardhi hiyo. Nikagusa tena: kimya.

Trrr-trrr ilikuwa ya kitochi changu, simu ndogo ya vitufe, kilicholala mezani. Simu za 2G hurusha mawimbi kwa mapigo, kama 217 kwa sekunde, na nyaya ndefu huyadaka. Kopo la bati lilisaidia, lakini dawa hasa ilikuwa kuiweka simu chumba kingine.

Ikabaki shshsh. Nilipunguza volyumu hadi mwisho, nayo haikubadilika hata kidogo, maana yake inazaliwa baada ya volyumu, kwenye ukuzaji wenyewe. Mchoro unakuza mara 11, kwa rezista ya kiloomu 10 na ya kiloomu 1. Kwa hedifoni zangu za omu 32, ambazo ni nyepesi kusikika, hiyo ni nyingi kupita kiasi. Nikaweka kiloomu 4.7 mahali pa ile ya 1, kwa kila upande, ukuzaji ukashuka hadi mara 3 na kitu. Shshsh ikazama mpaka ikanibidi nizuie pumzi ndipo niisikie.

Sasa nikarudi kwa bibi. Mvumo ukasikika tena! Nikasimamisha kanda, ukanyamaza nao. Huu ulikuwa wa kandani, umeingia siku ile kwa sababu redio ilichomekwa ukutani. Nikautazama kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: kilele cha mvumo kimesimama Hz 52, yaani mitetemo 52 kwa sekunde, wakati umeme wetu ni Hz 50. Deki yangu ilikuwa inakimbia. Nikapunguza kasi kwa karibu asilimia 4 mpaka kilele kikakaa mahali pake, na sauti ya bibi ikashuka, ikawa nzito kidogo. Nikampigia baba mdogo, nikamsikilizisha beti mbili. Alikaa kimya kwanza. Halafu akasema, "Sasa ndiye mama."