Akamweleza kweli yote

Marko 5:25–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekaa na yule mama aliyetokwa damu miaka 12. Habari yake naijua tangu utotoni, ila safari hii nimeisoma kama mtu aliyekaa naye benchi moja.

Maana nami nilitokwa damu, miaka 3. Kila nilipokwenda kutibiwa niliambiwa, "Mama, hayo ni mambo ya kawaida ya wanawake." Mara ni UTI, nikapewa dozi. Mara ni mawazo, nipumzike. Kuna daktari aliyeanza kuandika dawa kabla sijamaliza kujieleza. Kalamu inakwenda, macho hayabanduki kwenye karatasi. Nilitoka mle nimejifunga kanga kuficha doa kwenye gauni, nikijiuliza kama kweli naumwa au najidekeza.

Nilipoanguka kazini ndipo wakapima wingi wa damu: 7, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Nikaandikiwa rufaa kwa daktari bingwa, tarehe ya miezi 5 mbele. Siku ikafika, tukapanga foleni tangu saa 11 alfajiri, na saa 8 mchana nesi akatoka kutuambia bingwa yuko chumba cha upasuaji, turudi wiki ijayo. Nililia pale pale. Bingwa simlaumu, alikuwa mmoja na sisi tumejaa korido nzima. Ila yule wa kalamu, kumsamehe kulinichukua muda.

Marko hafichi kitu. Anasema mama yule aliteseka sana mikononi mwa matabibu wengi, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa, amelieleza jambo hilohilo kwa upole zaidi, mateso hayataji. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Marko. Kama Maandiko yamekiri kwamba mgonjwa anaweza kuumizwa na walewale waliopaswa kumtibu, sisi ni nani hata tumwambie ndugu anayelalamika kuwa imani yake ni haba?

Halafu mtazameni Bwana. Yuko njiani kwenda kwa Jairo, mtoto yu mahututi, watu wanasongamana. Mama ameshagusa vazi, damu imeshakata. Angeweza kumwacha aende zake. Lakini alisimama, akaangaza macho huku na huku kumtafuta, naye akaja akitetemeka, akamweleza kweli yote. Miaka 12! Hayo si maneno ya dakika mbili. Na Jairo amesimama hapo, moyo unamwenda mbio, hata wajumbe wa msiba wakamkuta papo hapo. Yesu hakumkatiza mama yule. Akamwita, "Binti."

Mimi niliposhika tena foleni, bingwa aliweka faili pembeni, akasema, "Haya, dada, nieleze tangu ilipoanza." Nilishindwa kusema kwa muda kidogo. Alisubiri. Upasuaji ulikuja baadaye, nami leo ni mzima.

Alhamisi hii dada mmoja wa jumuiya yetu anarudi kliniki. Ana hofu ya kuingia peke yake, maana mara mbili ameambiwa hana ugonjwa. Nitakwenda naye. Tumeshaandika kwenye daftari siku zote alizotokwa damu, na wakimkatiza, nitamwomba daktari kwa heshima amwache amalize. Tuombeeni.