Siku moja kijiweni kwangu: pikipiki inayogoma ikijisikia

Saa 12:30 asubuhi
Mimi fundi pikipiki, niko Morogoro maeneo ya Msamvu. Bodaboda wanapita kwangu mapema kabla hawajaanza kubeba, huyu mnyororo umelegea, huyu breki inalia, huyu nikazie kioo tu fundi kuna abiria ananisubiri. Hizo nazimaliza nimesimama na nyingine wala sichaji.

Saa 1:45
Anaingia kijana wa Kihonda na pikipiki ya sisi 125, ya kabureta, ina stata ya kitufe na kiki. Shikamoo fundi. Marahaba mdogo wangu, inasumbua nini? "Inagoma kuwaka, ila sio saa zote." Wadau, pikipiki iliyokufa kabisa ni kazi nyepesi, unapima hadi unakuta moto (umeme) umeishia wapi, lakini hii ya kugoma na kukubali inakuja kwako inawaka vizuri kabisa, unapiga stata unaambiwa mbona nzima, ikitoka hapo inaenda kumuaibisha mbele ya abiria.

Ashabadilishiwa plagi, koili, sidiai (CDI, kile kiboksi kinachopeleka moto kwenye koili na plagi) na betri, huko alikopita kila fundi anamwambia kanunue kile, anaenda kununua, inakaa siku mbili tatu inarudia. Na hii pikipiki ni ya mkataba, jioni bosi anataka hesabu yake hataki habari za sidiai. Inaniuma sana kuona kijana anamaliza hela ya chakula kwa kubahatisha vifaa wakati maswali ni bure.

Kwahiyo nikamkalisha kwenye benchi, nikaanza kumuuliza. Ikigoma, stata inazunguka bila kuwaka, au inalia tak tu, au kimya? Kimya. Na kiki je? Nayo haiwaki. Taa ya nyutro? Akafikiria kidogo akasema inakuwepo ila nikibonyeza stata inazima. Hapo tayari nusu ya kazi imeisha, maana kama stata ingekuwa inazunguka fresh ningeenda kwenye plagi na mafuta, na kama ingekuwa inalia tak ningeshika betri, terminali na rilei (swichi ya umeme ya stata). Lakini stata na moto wa plagi kufa kwa pamoja maana yake shida iko sehemu ambayo vyote viwili vinapitia, na kwenye pikipiki hii sidiai inakula moto wa betri, kwahiyo njia ya pamoja ni fyuzi, swichi ya funguo, nyaya zake na ethi (waya wa kurudisha moto kwenye chesisi). Kuna pikipiki ambazo sidiai inajitegemea kutoka kwenye magineti (inayozalisha moto injini ikizunguka), hizo betri ikifa kabisa bado unapiga kiki unaondoka, kwahiyo ujue kwanza unashika ya aina gani.

Saa 3
Napima. Betri imetulia volti 12.6, nikipiga stata inashuka hadi 10.8 na kupanda tena, hiyo betri nzima (ikishuka chini ya 9 na ushee ndo uanze kuitilia shaka). Injini ikizunguka kwa kasi inachaji 14.1, rektifaya (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) iko sawa. Ethi nikaifungua kwenye chesisi nikaipiga msasa, ilikuwa na kutu kidogo, ila sikujipa moyo kuwa ndo nimemaliza. Nikaizima na kuiwasha kila baada ya muda, inawaka tu. Nikampa dogo ninayemfundisha aizungushe mpaka Mazimbu na kurudi ipate moto. Inawaka tu.

Saa 6 mchana
Katikati akaja mzee na pikipiki inayozima barabarani, ukisubiri inawaka tena, halafu inazima tena. Nikamwambia mzee ikizima fungua mfuniko wa tenki halafu uwashe. Akaenda, akarudi anasema ukifungua inavuta hewa fyuuu halafu inawaka. Kitundu cha hewa kwenye mfuniko kimeziba vumbi, mafuta hayashuki. Nimekizibua kwa upepo wa kompresa, mzee akaenda zake.

Saa 7:30
Nikaona hapa kwangu haitagoma, nikamwambia kijana twende kijiweni kwako, huko inakogomea. Yeye alikuwa anaamini ni joto la mchana. Tukafika, akaipaki kama wanavyopaki wote, zimebanana, stendi ya pembeni, usukani umelala kushoto. Tukanywa soda. Nikamwambia fanya kama umepata abiria. Akaruka juu, akabonyeza. Kimya! Taa ya nyutro ikazima. Akaanza kuitikisa na kuinyoosha, akabonyeza tena, ikawaka.

Nikamuuliza, nyumbani asubuhi unaiwashia wapi? Akasema naisukuma kwanza kuitoa uani halafu nawashia barabarani. Yaani asubuhi usukani unakuwa umenyooka, mchana kijiweni umelala kushoto! Joto halihusiki kabisa. Na kila akisema "nikisubiri inakubali" ukweli ni kwamba katika kusubiri alikuwa anagusa usukani.

Saa 9
Tumerudi, tenki liko chini, taa ya mbele imefunguliwa. Hapa ndo pana mtego ambao nataka mafundi wadogo waushike. Nikaweka mita kwenye waya unaotoka swichi ya funguo kwenda kwenye stata na sidiai, usukani kushoto, mita inasoma 12 na ushee. Ukiishia hapo utasema waya mzima. Lakini mita haili moto wowote, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuipa volti 12. Nikachukua balbu ya indiketa ya wati 10 nikaiunga pale pale pamoja na mita. Usukani umenyooka inawaka vizuri, nikilaza kushoto inafifia inabaki wekundu tu na mita inaanguka hadi volti 4. Waya unaoingia kwenye swichi, kwa balbu ile ile, moto wake hautikisiki. Kwahiyo swichi au waya wa kutokea. Nikapima kwenye mguu wa swichi, pale waya wa kutokea unapoanzia, moto kamili. Basi ni waya.

Nikaufuata kwa vidole hadi kwenye shingo ya usukani. Kuna mtu aliwahi kufunga chaja ya simu, akakaza nyaya zote kwenye fremu kwa zipu tai, zimebana hazina pa kuchezea. Kila ukikata kona waya unakunjwa sehemu ile ile moja. Kwa nje mpira mzima kabisa, ila ukiuvuta unanyumbuka kama ndala, ndani nyuzi zimekatika zimebaki chache.

Saa 10
Nimekata kipande kibovu chote, nimeweka waya mpya wa unene ule ule, nimelehemu na kuvisha mpira wa kubana kwa joto. Maungio nimeyaweka mbali na shingo, sababu palipolehemiwa panakuwa pagumu na ukipaweka kwenye kona patakatika tena pembeni yake. Zipu tai nimeitupa, nyaya nimeziachia ulegevu wa kutosha zicheze kushoto na kulia. Halafu balbu tena, dogo anazungusha usukani mwisho hadi mwisho, balbu haifumbi hata jicho. Stata kushoto inawaka, kulia inawaka.

Saa 11:20
Nimemchaji elfu kumi na tano. Amesema koili na sidiai za zamani bado anazo nyumbani, nimemwambia aje nazo kesho nizijaribu kwenye pikipiki yake, zikifanya kazi azitunze za akiba, mi sioni kwanini ziwe mbovu.